Gharama Zikishuka, Ni Nani Aliyezishusha?



Siku hizi mwajiri akija kwenye mazungumzo ya ujira haji mikono mitupu. Huja na karatasi yenye mstari unaoanzia juu upande wa kushoto na kuteremka kuelekea kulia, kama njia ya kushuka mlima. Pembeni ameandika gharama ya kutengeneza kitu kimoja: shati moja, lita moja ya maziwa, kilo moja ya chai. Chini ameandika idadi ya vitu vilivyotengenezwa tangu kazi ianze. Halafu anaweka kidole kwenye ncha ya mstari na kusema: "Mnaona? Gharama imekuwa ikishuka wakati wote. Kwa hiyo mwakani lazima ifike hapa." Na hapo anapopaonyesha ndipo panapotoka kiwango kipya cha kazi kwa siku, au bei mpya ya kipande, au sababu ya kukataa nyongeza.

Tuseme mapema kwamba mstari huo si uongo wa kutungwa. Umechunguzwa kwa miaka mingi, na kwa kweli ni ushahidi mzuri wa kazi yetu. Tatizo ni kwamba mara nyingi ndani ya mstari mmoja zimechanganywa habari mbili zisizofanana: mikono iliyozoea kazi, na gharama za kudumu zilizogawanywa juu ya vitu vingi zaidi. Asiyezitenganisha atadanganyika, awe mwajiri au mfanyakazi. Ila kwa kawaida anayelipia kosa hilo ni mfanyakazi.

Mstari huu ulikotoka

Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, T. P. Wright, aliyekuwa katika viwanda vya ndege, alichapisha uchunguzi wake kuhusu gharama za kutengeneza ndege. Alionyesha kwamba kila mara jumla ya ndege zilizokwisha kutengenezwa ilipofika mara mbili ya ilivyokuwa, saa za kazi kwa ndege moja zilipungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Yaani, kama ndege moja ilihitaji saa 100 za kazi wakati jumla ilipokuwa 10, ilihitaji saa 80 jumla ilipofika 20, na saa 64 jumla ilipofika 40. Huu ndio mstari wa kujifunza kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulitumika sana kukadiria kazi ya viwanda vya ndege na meli.

Angalieni vizuri maneno "jumla ya zilizokwisha kutengenezwa". Hapa hatusemi idadi ya mwezi huu. Tunasema idadi yote tangu siku ya kwanza. Mtu hujifunza kwa kurudia, na kila aliyorudia humfuata. Ndiyo maana maendeleo ya mwanzoni huwa makubwa na ya haraka, kisha hupungua mwendo. Kutoka shati la 100 hadi la 200 huenda mkachukua mwezi mmoja. Kutoka shati la 10,000 hadi la 20,000 huenda mkachukua miaka, ingawa kote ni kuzidisha mara mbili tu.

Nani asiyelijua jambo hili kwa macho yake? Mchumaji mpya katika mashamba ya chai ya Bushenyi husimama mbele ya kichaka akitafuta majani mawili na chipukizi lake, moja baada ya jingine. Mzoefu hatafuti, mikono inakwenda yenyewe na macho yako kichaka cha mbele. Huko Horndal, nchini Uswidi, kulikuwa na kiwanda cha chuma ambacho kwa muda wa miaka 15 hivi hakikuwekewa mtaji mpya wa maana. Hata hivyo uzalishaji kwa kila saa ya kazi uliongezeka kwa karibu asilimia 2 kila mwaka. Mashine zilikuwa zile zile. Mwanauchumi Kenneth Arrow aliutumia mfano huo katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuonyesha kwamba watu hujifunza kwa kutenda. Ndugu, ukiambiwa kwamba tija huletwa na mashine peke yake, ikumbuke Horndal.

Wright mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alitenganisha saa za kazi na vifaa, kwa sababu alijua kwamba havishuki kwa mwendo mmoja. Waliomfuata ndio waliopenda kuchukua gharama yote kwa mkupuo, wakaitia katika mstari mmoja.

Gharama zisizojua kuhesabu

Gharama za kudumu ni zile ambazo hulipwa hata kama cherehani hazikuzunguka. Kodi ya jengo, mshahara wa mlinzi na wa karani, leseni, riba ya mkopo wa benki, bima, na uchakavu wa mashine anaouandika mhasibu katika daftari kila mwaka. Gharama hizi hazijui kuhesabu. Hazijui kama mwezi huu mmetoa mashati kumi au elfu. Mkitoa kidogo, kila shati linabeba mzigo mzito. Mkitoa mengi, mzigo ule ule unagawanywa juu ya mabega mengi na kila shati linabeba kidogo.

Kwa hiyo gharama ya kitu kimoja inaweza kushuka bila mtu yeyote kujifunza chochote. Inatosha oda ziongezeke. Vile vile inaweza kupanda bila mtu yeyote kusahau chochote. Inatosha oda zipungue.

Tuchukue karakana ya kushona sare za shule mjini Mbarara. Karakana hii ni ya mfano tu, tumeitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini fundi cherehani yeyote ataitambua. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wamepitia Nakivale, wilayani Isingiro, ambako wakimbizi wamekuwa wakipokewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia zote zina watu pale, na cherehani hazikosekani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi ya ujira. Basi katika karakana yetu tuwaweke mafundi wa kutoka pande zote, kila mmoja akilipwa shilingi 1,500 kwa saa.

Kitambaa, uzi na vifungo vya shati moja ni shilingi 7,000, na havibadiliki. Gharama za kudumu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mafundi wanajifunza kama wale wa ndege za Wright: jumla ikizidishwa mara mbili, saa za shati moja zinapungua kwa sehemu moja ya tano.

Mwezi wa kwanza wanashona mashati 100. Shati la 100 linachukua saa 4, yaani shilingi 6,000 za ujira. Gharama za kudumu zikigawanywa kwa mashati 100 ni shilingi 12,000 kila moja. Ongeza kitambaa 7,000. Shati linasimama kwa shilingi 25,000.

Mwezi wa pili wanashona mengine 100, jumla inakuwa 200. Shati la 200 linachukua saa 3 na dakika 12, ujira 4,800. Gharama za kudumu bado 12,000, kitambaa 7,000. Jumla 23,800.

Mwezi wa tatu oda zimekuja, wanashona 200, jumla inafika 400. Ujira wa shati la 400 ni 3,840. Gharama za kudumu zimeshuka hadi 6,000 kwa shati. Pamoja na kitambaa, 16,840.

Mwezi wa nne shule zinakaribia kufunguliwa, wanashona 400, jumla inafika 800. Shati la 800 linachukua saa 2 na dakika 3 hivi, ujira 3,072. Gharama za kudumu ni 3,000. Kitambaa kile kile 7,000. Jumla 13,072.

Mwajiri anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Kutoka 25,000 hadi 13,072! Anamwita mhasibu, mhasibu anachora mstari wake, na anaona kwamba jumla imezidishwa mara mbili mara tatu: 100 hadi 200, 200 hadi 400, 400 hadi 800. Kwa wastani gharama imeshuka kwa asilimia 19 hivi kila mara. "Kumbe," anasema mhasibu, "huu ndio mwendo wa kujifunza wa karakana yetu: asilimia 19."

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Shati limeshuka kwa shilingi 11,928. Kati ya hizo, 9,000 zimetokana na gharama za kudumu kugawanywa juu ya mashati mengi, na 2,928 zimetokana na mikono kuzoea kazi. Yaani robo tatu ya mteremko huo haihusiani na kujifunza. Lakini mstari haujui hilo, wala mhasibu hakuuliza.

Ahadi isiyoweza kutimizwa

Sasa mhasibu anatabiri. Anasema jumla itazidishwa mara mbili tena, 1,600, na tena, 3,200. Kwa asilimia 19 kila mara, shati litashuka hadi chini kidogo ya shilingi 8,600. Mwajiri anaandika mkataba wa kuuza sare kwa bei inayotegemea hesabu hiyo, na kiwango cha kazi kinapangwa kulingana nayo.

Lakini soko la mji lina mwisho wake. Tuseme karakana inauza mashati 400 kila mwezi na hayazidi hapo. Miezi sita inapita, jumla inafika 3,200. Mafundi wameendelea kujifunza kwa mwendo ule ule, hawakulegea hata kidogo: shati sasa linachukua saa 1 na dakika 19 hivi, ujira wake karibu shilingi 1,966. Kitambaa ni 7,000. Gharama za kudumu, kwa mashati 400 kwa mwezi, bado ni 3,000. Jumla ni 11,966.

Mwajiri alitegemea 8,600, amepata karibu 12,000. Anawatazama mafundi. Nyapara anaambiwa kuna uzembe. Mwingine anaanza kusema kuhusu watu wanaokwenda chooni mara nyingi mno.

Ndugu, chukueni kalamu mjaribu wenyewe. Kitambaa 7,000 na gharama za kudumu 3,000 ni 10,000. Maana yake, hata kama mafundi wote wangeshona bure, bila kulipwa senti moja, shati lisingeshuka chini ya shilingi 10,000. Mwajiri anadai kutoka kwa mikono kitu ambacho hakimo katika mikono. Ukikata ujira kwa nusu hutapata hata shilingi elfu moja kwa shati, na upungufu anaolalamikia unazidi elfu tatu.

Hii ndiyo tabia ya mstari uliochanganywa. Mwanzoni, oda zinapoongezeka, unaonekana mkali kuliko ukweli, kwa sababu gharama za kudumu zinagawanyika haraka. Baadaye, karakana ikishafikia uwezo wake au soko likishajaa, unalala chini na kuwa karibu tambarare, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama iliyobaki haijui kujifunza. Kila anayetabiri kwa kutumia sehemu ya mwanzo atakuta sehemu ya mwisho imemsaliti.

Na oda zikipungua? Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Nani aliyenunua sare katika miezi hiyo? Tuseme karakana yetu inarudi kwenye mashati 100 kwa mwezi. Mafundi ni wepesi kuliko wakati wowote, ujira wa shati ni 1,966 tu. Lakini gharama za kudumu zimerudi 12,000 kwa shati. Jumla ni 20,966. Kwenye karatasi ya mwajiri mstari umeruka juu ghafla, kama kwamba mafundi wamesahau karibu yote waliyojifunza. Kumbe shati lile lile lililochukua saa 4 siku za mwanzo, sasa linakwisha kabla ya saa moja na nusu.

Wakubwa nao hunaswa

Msidhani ni kosa la karakana ndogo tu. Kampuni ya Lockheed ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza ndege ya abiria ya TriStar, ilikwama kifedha mwaka 1971 na ikaenda kuomba dhamana ya serikali ili ipate mkopo. Mbele ya wabunge kampuni ilisema kwamba ikiuza ndege 200 hivi, mradi utarudisha fedha zake. Hesabu hiyo ilitegemea mstari wa kujifunza: kila ndege ingekuwa rahisi kuliko iliyotangulia. Lakini wachumi waliopitia hesabu hiyo walionyesha kwamba haikuupa uzito wake mtaji mkubwa mno uliokuwa umekwisha kuzamishwa katika kuibuni ndege hiyo kabla ya kuuzwa hata moja, wala gharama ya kuufunga mtaji huo kwa miaka mingi. Gharama ya kudumu ilikuwa imeachwa mlangoni. Dhamana ya dola milioni 250 ilipitishwa kwa kura chache sana za ziada. Mwishowe zilitengenezwa TriStar 250, zaidi ya zile 200 za ahadi, na bado kampuni ilipata hasara kubwa na kuacha kabisa biashara ya ndege za abiria. Mafundi walikuwa wamejifunza kazi. Kilichokosewa ni kilichoitwa gharama.

Turudi kwetu. Mbarara, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, ni nyumba ya maziwa ya Uganda, na viwanda vya maziwa ni mfano mzuri wa biashara yenye gharama nzito za kudumu. Matangi ya kupozea, mitambo ya kuchemsha, mnara wa kukaushia maziwa kuwa unga: vyote hivi vimekwisha nunuliwa, na mkopo wake unadai kila mwezi, maziwa yawe mengi au haba. Mvua zikinyesha malisho yanajaa na maziwa yanamiminika. Kiangazi kikija ng'ombe wanakauka. Kwa lita moja, gharama ya kiwanda hupanda na kushuka kwa mvua, na mfanyakazi wa kwenye mashine hana ubishi na mawingu.

Tena kuna mipaka. Mwanzoni mwa mwaka 2020 maziwa ya Uganda, yakiwamo ya Lato yanayotengenezwa hapa Mbarara, yalikamatwa nchini Kenya. Machi 2023 Kenya ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Mlango wa soko ukifungwa hivyo, kiwanda chochote kinachotegemea soko hilo kitaona gharama ya kilo moja ikipanda katika vitabu vyake. Hatusemi hapa yaliyomo katika vitabu vya kiwanda hiki au kile. Tunasema tu kwamba mtu anayesoma vitabu vya miezi kama ile bila kukumbuka mpaka uliofungwa, atasoma uvivu pale pasipokuwa na uvivu.

Kwenye chai ni vivyo hivyo. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa. Boila, mashine za kukatia na za kukaushia huendeshwa hata majani yakiwa nusu ya kawaida. Mara nyingi kiwango cha kilo kwa siku hupangwa kwa kutazama miezi ya mvua, majani yanapokuwa tele na kikapu kinajaa upesi. Kisha kiangazi kikija mchumaji anakatwa kwa kutofikia kiwango. Huko shambani ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine: wingi wa majani umehesabiwa kuwa ni wepesi wa mikono.

Tusidai kisicho chetu

Hapa lazima tuseme na upande wetu pia. Wapo wenzetu ambao wakiona gharama imeshuka kutoka 25,000 hadi 13,000 hupiga meza na kusema: "Sisi ndio tuliofanya, tupeni zote!" Katika mfano wetu hiyo si kweli, na mhasibu yeyote aliyeamka vizuri atawaonyesha. Oda zilichangia sehemu kubwa. Chama kinachokwenda mezani na hesabu isiyosimama hurudi na aibu, na mwaka unaofuata hakisikilizwi hata kikiwa na haki.

Lakini kuna jambo ambalo mhasibu naye hupenda kulipita haraka. Mashati 400 kwa mwezi, kama kila moja lingechukua saa 4 kama mwanzoni, yangehitaji saa 1,600 za kazi. Mafundi waliozoea wanayamaliza kwa karibu nusu ya hizo. Bila wepesi wao mwajiri angehitaji cherehani karibu mara mbili, na pengine chumba cha pili chenye kodi yake. Kwa hiyo sehemu ya ile 9,000 iliyoandikwa chini ya "kugawanya gharama" imewezekana kwa sababu mikono ilijifunza. Sehemu hiyo haimo katika safu ya ujira hata kidogo, na ni halali kuidai. Ni kiasi gani? Inategemea kama jengo lilikuwa limejaa au lilikuwa na nafasi tupu, na hilo linaonekana kwa macho ya kila mmoja wenu.

Kuhusu kusahau kazi, si kwamba halipo. Ujuzi hupotea kweli, na uzalishaji wa TriStar umechunguzwa sana kwa sababu hiyo: katika miaka ya 1970 oda zilipopungua na wafanyakazi wakaondolewa, saa za kazi kwa ndege moja zilipanda. Lakini angalieni ujuzi ulikopotelea. Ulitoka mlangoni pamoja na watu walioachishwa. Mwajiri anayeachisha vibarua kila mwisho wa msimu na kuchukua wengine wapya msimu ukirudi, anaurudisha mstari wake mwanzo kwa mikono yake mwenyewe, kisha anashangaa kuona gharama iko juu. Kwa wenzetu wa Nakivale, ambao mara nyingi huchukuliwa kwa miezi miwili mitatu na kuachwa, hii ni hoja ya kupelekwa mezani: mtu aliyekwisha kuzoea mashine ni mali iliyokwisha kulipiwa, na kumrudisha yeye yule ni nafuu kuliko kumfundisha mgeni.

Jinsi ya kutenganisha

Njia ya kwanza ndiyo bora, nayo ni kuacha shilingi kabisa na kuhesabu saa. Shati moja, saa ngapi za kazi? Lita elfu, saa ngapi? Mstari wa saa haupandi kwa sababu ya kodi ya jengo, wala haushuki kwa sababu ya oda kubwa kutoka Kampala. Mwajiri akija na mstari wa shilingi, mwombeni wa saa. Kama hana, basi hana mstari wa kujifunza. Ana mstari wa gharama tu, na hizo ni habari mbili.

Njia ya pili ni ya pale mnapopewa jumla za fedha tu. Tafuteni miezi miwili iliyo karibu, ambayo mafundi ni wale wale na ujuzi ni ule ule, lakini idadi ya vitu inatofautiana sana. Katika karakana yetu, mwezi wa mashati 400 ulitumia jumla ya shilingi 4,786,400. Mwezi wa mashati 100 ulitumia 2,096,600. Toeni: tofauti ni shilingi 2,689,800 kwa mashati 300. Gawanyeni: 8,966 kwa shati moja. Hiyo ndiyo gharama inayokwenda na shati, yaani kitambaa na ujira. Sasa zidisheni 8,966 kwa 400, mpate 3,586,400. Toeni katika 4,786,400. Inabaki 1,200,000, ambayo ni gharama ya kudumu, na mmeipata bila kuonyeshwa daftari la ndani. Ujira ukilipwa kwa mwezi badala ya saa au kipande, hesabu hii itauweka ujira wenyewe upande wa gharama za kudumu, kwa hiyo angalieni kwanza mnalipwaje.

Mkishaipata gharama ya kudumu, ulizeni imejengwa na nini. Mara nyingine humo ndani kuna mgao wa ofisi kuu, gari la mkurugenzi, au uchakavu wa mashine iliyokwisha maliza miaka yake katika vitabu lakini bado inaandikwa. Ulizeni pia itabaki pale kwa muda gani, maana gharama za kudumu nazo huruka kwa ngazi. Oda zikizidi uwezo wa jengo, mwajiri hukodi chumba cha pili, na mwezi huo gharama ya shati hupanda hata kama kila mtu anashona vizuri kuliko jana. Kiwango cha kazi kisipangwe katika mwezi wa kuhamia, wala katika mwezi wa oda kubwa.

Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kililiwa zamani na kupanda kwa bei, na mswada mpya uliopitishwa na Bunge Februari 2019 haukupata saini ya Rais. Kwa wengi wetu, basi, bei ya kipande na kiwango cha siku ndivyo vinavyoamua chakula cha nyumbani. Kila kamati ya wafanyakazi iwe na daftari lake, hata la kurasa mia la dukani, na mjumbe mmoja aandike kila Jumamosi: vitu vilivyotoka, watu waliokuwapo, saa walizofanya, saa ambazo umeme ulikatika au mashine ilisimama, na siku ambazo kitambaa, maziwa au majani yalikosekana.